Je, wajua kwa nini Ramadhani inahama lakini Pasaka ya Wayahudi haihami?

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa rahisi: Waislamu wanafuata mwezi, Wayahudi wanafuata jua. Ndiyo maana mwaka 2000 tulifunga Desemba na 2013 tukafunga Julai, huku Pasaka ya Wayahudi ikibaki pale pale, Machi au Aprili. Nililisema kwa kujiamini kabisa, na nilikuwa nimekosea.

Miezi ya Wayahudi nayo ni ya kuandama. Pasaka yao huanza tarehe 15 Nisani, na anayezijua siku nyeupe, yaani 13, 14 na 15 za kila mwezi ambazo ni sunna kufunga, ameshang'amua: ni mbalamwezi. Zamani mwandamo ulithibitishwa na mashahidi mbele ya baraza la Yerusalemu. Mishna, mkusanyiko wa sheria zao za kale, inasimulia kuwa habari ilipelekwa kwa kuwasha mioto vilimani, mpaka Wasamaria walipoanza kuwasha mioto ya uongo. Ndipo wakatumwa wajumbe. Aliyedhani ubishi wa mwezi umeonekana, haujaonekana, ni wa pwani yetu peke yetu, pole yake.

Tofauti iko kwenye deni. Miezi 12 ya kuandama ina siku 354. Jua linadai 365 na robo. Ni kama mpangaji ambaye kila mwaka kodi yake inapungua siku 11 hivi. Myahudi hulipa malimbikizo: kila miaka miwili au mitatu huongeza mwezi mzima, Adari zikawa mbili. Na hesabu inafunga vizuri mno: kwa miaka 19 upungufu hufika siku 207 hivi, na miezi 7 ya kuandama ni siku 207 hivi. Basi miaka 7 katika kila 19 huwa na miezi 13. Hulipa kwa sababu Torati (Kumbukumbu 16:1) imeifunga Pasaka na mwezi wa Abibu, jina la kale la Nisani, wakati wa masuke mabichi ya shayiri. Asipolipa, Abibu itafika shamba likiwa tupu.

Mwislamu deni hilo halimhusu. Sura At-Tawba, aya 36, inataja miezi 12. Aya 37 inakemea nasii. Nasii yenyewe ilikuwa nini, wafasiri wamegawanyika: wapo wasemao ni kuongeza mwezi, na wapo wasemao ni kuuhamisha utukufu wa mwezi mmoja kwenda mwingine. Ramadhani basi huzunguka misimu yote kwa miaka 33 hivi. Dar es Salaam hatulisikii sana, mchana wetu haubadiliki kwa mengi. Muulize aliyefunga Juni kule Oslo.

Waswahili wa zamani walishika vyote viwili: mwezi kwa ibada, na kwa kilimo na safari za majahazi mwaka wa jua, Nairuzi, wenye siku 365 zinazohesabiwa kumi kumi. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kila Julai, unatokana nao. Ila siku 365 kamili nazo zina deni lake: robo siku kila mwaka.