Fimbo ya pool ikiyumba mezani, si lazima iwe imepinda

Wachezaji wengi wa Unguja, kabla ya kununua fimbo ya zamani iliyotengenezwa kwa mkono, huiviringisha mezani. Ikiyumba, husema imepinda, na bei huporomoka. Kipimo hicho kina ukweli wake, ila hakitoshi.

Nyingi ya fimbo hizi ni vipande viwili vilivyoungwa kwa skrubu. Kila kipande kinaweza kuwa kimenyooka sawasawa, tatizo likawa kwenye maungio: uchafu ulioganda, au nyuso mbili zisizokutana vyema. Hapo ncha hupanda na kushuka ingawa mti ni mzima. Inaniuma kuona kazi ya mkono ikiuzwa bei ya kuni kwa sababu ya vumbi.

Ifungue basi. Pangusa maungio, kisha viringisha kila kipande peke yake juu ya kioo, jicho likiwa usawa wa kioo. Tazama mwanga unaopenya chini ya mti: ukibaki vilevile, kipande kimenyooka, ukipanuka na kufinyika, kimepinda. Kosa la maungio, fundi mzuri wa kukereza anaweza kulirekebisha. Mti uliopinda ni shida kubwa zaidi, na kwa unyevu wetu wa pwani, fimbo iliyoegemezwa ukutani masika yote iko hatarini.