Tokibeki na feda kuu: vidhibiti viwili vinavyomgusa kila mtu

Miksa kubwa, yaani mashine ya kuchanganyia sauti, ina mamia ya vitufe na swichi, na karibu vyote vinahusu chombo kimoja au sauti moja tu. Ukikosea geini (kiasi cha kukuza sauti inapoingia) ya gitaa la besi, umeharibu gitaa la besi peke yake. Lakini feda kuu, kidhibiti kinachosogezwa juu na chini kwa kidole, ndiyo inayoamua kiasi cha sauti yote iendayo kwa wasikilizaji, na tokibeki ndiyo maikrofoni ambayo fundi huitumia kuzungumza na walio jukwaani au ndani ya chumba cha kurekodia. Kosa la hapo huwafikia watu wengi kwa mara moja. Ndiyo maana mimi huviweka sawa viwili hivi kabla chombo cha kwanza hakijapigwa.

Nianze na feda kuu, hasa na alama ya 0 iliyochapwa pembeni mwake, kwa kuwa wanaoanza kazi hii hudhani kwamba sifuri ni kimya. Sifuri hiyo ni mahali ambapo feda haiongezi wala haipunguzi kitu: sauti iliyoingia ndiyo inayotoka. Kimya kiko chini kabisa, na juu ya sifuri kwa kawaida pamebaki desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 10 tu za kuongeza. Vilevile alama za pembeni hazikupangwa kwa nafasi zilizo sawa. Karibu na sifuri, kusogeza kidole kwa sentimita moja hubadilisha desibeli chache, ilhali huko chini sentimita ile ile yaweza kuruka desibeli 20 au zaidi. Fundi anayefanya kazi na feda kuu iliyoshushwa hadi karibu na mkia wake hawezi kurekebisha sauti kwa utulivu, kwa maana kila anapoigusa sauti inaruka au inazama.

Kwa hiyo feda kuu huiweka kwenye sifuri, huku vidhibiti vya amplifaya vikiwa vimeshushwa, kisha naleta muziki kwenye miksa hadi mita isome kiwango cha kawaida, na hapo ndipo ninapopandisha amplifaya kidogo kidogo mpaka ukumbi upate sauti inayoutosha. Kiwango hicho cha kawaida kinahitaji uangalifu, kwa kuwa sifuri ya mita ya analogi na sifuri ya mita ya dijitali ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwenye mita ya VU (inayoonyesha wastani wa sauti) ya miksa za kitaalamu za analogi, sifuri ni volti 1.23 hivi, na juu yake kuna akiba ya kutosha kwa vishindo vya ngoma. Kwenye mita ya dijitali, sifuri ndiyo dari: hakuna akiba yoyote juu yake, na kila kinachoipita hukatwa. Anayehama kutoka miksa ya analogi na kuendelea kuisukuma sauti hadi sifuri ataharibu kazi siku ya kwanza. Kwenye dijitali, wastani wa karibu desibeli hasi 18 au hasi 20 ndio mahali salama.

Kuna tatizo moja ambalo limenisumbua kuliko mengine yote. Niliwahi kuitwa kwenye ukumbi ambao sauti yake ilikuwa ikikwaruza, na waliokuwapo waliapa kwamba miksa haikuwa imezidiwa, kwa kuwa taa za mita kuu zilikuwa za kijani tupu. Feda za chaneli zote, yaani njia za chombo kimoja kimoja, zilikuwa zimepandishwa juu, na feda kuu ilikuwa imeshushwa hadi hasi 30. Ndani ya miksa, sauti za chaneli hukusanywa kwanza, kisha ndipo jumla yake inapofika kwenye feda kuu. Mkusanyiko ule ulikuwa umezidiwa kabla ya kufika hapo, na feda kuu ilikuwa ikipunguza ukubwa wa sauti iliyokwisha kuharibika. Mita nayo ilikuwa ikipima baada ya feda kuu, kwa hiyo ilionyesha udogo wa sauti bila kuonyesha uharibifu wake. Nilishusha geini za chaneli, nikarudisha feda kuu kwenye sifuri, na mkwaruzo ukaisha papo hapo.

Tokibeki ina maswali mawili: inakwenda wapi, na kwa nguvu kiasi gani. Miksa nyingi hukuruhusu kuipeleka kwenye njia za oksi, zinazolisha monita za jukwaani (spika zinazowaelekea wanamuziki) na hedifoni zao, au kwenye njia kuu. Mimi huipeleka kwenye oksi peke yake, na swichi ya njia kuu huiacha imezimwa tangu mwanzo. Oksi za monita kwa kawaida hazitawaliwi na feda kuu, na hilo ni jambo la kukumbukwa na wanaodhani kwamba wakishusha feda kuu wamenyamaza: ukumbini wamenyamaza kweli, lakini mpiga ngoma bado anawasikia sikioni.

Kuhusu nguvu, anza na kitufe chake kikiwa kimezungushwa hadi mwisho wa chini, zungumza kwa sauti utakayoitumia kweli kazini, kisha panda polepole hadi aliye jukwaani akuinulie mkono. Mtu aliyevaa hedifoni hana pa kukimbilia sauti ikimjia kwa kishindo, na masikio yake ndiyo riziki yake.

Kitufe cha kushikilia wakati wa kuzungumza ni bora kuliko swichi inayobaki imebonyea. Nimelijifunza hili kwa uchungu. Tulikuwa tukirekodi mwimbaji, swichi ikabaki imebonyea, nasi tukaanza kujadili kasoro za pumzi zake. Kupitia kioo nilimwona akivua hedifoni taratibu, akizitundika kwenye kishikio cha maikrofoni, akasimama akitazama sakafu. Sauti aliyokuwa nayo dakika kumi kabla haikurudi siku ile. Tangu hapo, kidole changu kikiachia kitufe huitazama taa ya tokibeki ikizimika kabla sijamgeukia aliye kando yangu.

Studio nzuri huwa na mpango wa kupunguza spika za chumba cha fundi zenyewe kila tokibeki inapobonyezwa. Mpango huo uwashwe daima, kwani bila huo muziki wa spika huingia kwenye maikrofoni ya tokibeki, hurudi kwenye hedifoni za mwanamuziki, na penye maikrofoni iliyo wazi karibu yake mzunguko hukamilika na mluzi huanza.

Kazi ikiisha, nashusha feda kuu, nazima tokibeki, kisha nazima amplifaya. Miksa huizima mwisho, ili mshindo wa kuzimika kwake usipate njia ya kufika kwenye spika.