Alumini haishiki kutu, lakini inaliwa

Mafundi sola wengi hapa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, humtuliza mteja hivi: "Usiwe na wasiwasi, fremu ni alumini, haishiki kutu." Ni kweli haishiki. Tatizo ni mteja anapoelewa kwamba basi haiharibiki, na fundi anamwacha aamini hivyo.

Kutu ni ya chuma tu, kinapokutana na maji na oksijeni. Ulikaji ndilo jambo pana: metali yoyote kuliwa na mazingira yake. Alumini ikiliwa haigeuki nyekundu. Legeza bolti ya paneli iliyokaa miaka karibu na mwalo wa Kibirizi, utazame chini ya washa, kile kipete cha bapa cha bolti: mara nyingi kuna unga mweupe, na ukiufuta unakuta vishimo. Watu huudhani vumbi.

Alumini ikiwa peke yake hujilinda vizuri, kwa utando mwembamba inaojitengenezea hewani. Inaponzwa na jirani. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu, umeme mdogo hupita kati yake, moja ikaliwa na nyingine ikasalimika. Huo ndio ulikaji wa galvani, kwa jina la Luigi Galvani, tabibu wa Bologna aliyeandika mwaka 1791 kuhusu miguu ya chura iliyoshtuka ilipoguswa na metali mbili.

Shaba na alumini ni jozi mbaya kabisa, na bado waya wa ethi, ule unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini, wa shaba tupu unazungushiwa kwenye fremu ya alumini kila siku. Hapo inayoliwa ni fremu, waya unabaki mzima. Umande wa alfajiri unatosha kuanzisha kazi hiyo, na paneli inatarajiwa kukaa juu ya paa miaka 25.

Wapo wanaolijua hili nusu, wakaanza kukataa hata bolti za stenlesi kwenye alumini. Hapana. Bolti ni ndogo na fremu ni kubwa, kwa hiyo madhara yanasambaa na kuwa madogo, ingawa karibu na maji ya chumvi bado ni vizuri kuzitenganisha. Geuza mambo, weka ribiti ya alumini kwenye bamba pana la stenlesi, na ribiti itakwisha upesi. Ukubwa wa kila upande una uzito sawa na aina ya metali.

Kuziba unyevu nako kunasaidia sana. Liemba, meli yetu, Wajerumani waliizamisha ziwani mwaka 1916 baada ya kupaka injini zake grisi nzito; Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa.

Kwa hiyo fundi akikuambia alumini haishiki kutu, mkubalie. Kisha muombe waya wa ethi aufunge kwa kiungio cha shaba kilichopakwa madini ya bati, na washa ya stenlesi katikati, shaba isiiguse fremu.