Vitamini D ikiwa chini, kiharusi kinakuja? Tuongee hili vizuri

Mama mmoja aliletwa kwetu mdomo umeenda upande, mkono wa kulia hauinuki, mwanae kashika mfuko wa dawa. Mle ndani kulikuwa na kopo la vidonge vya vitamini D limekaribia kuisha, na pakiti ya dawa za presha haijaguswa. Presha tulipopima ilikuwa 200 kwa 110. Mwanae akatuambia mama alisikia vitamini D inazuia kiharusi, akaona bora atumie hiyo kuliko dawa za kumeza kila siku. Mimi hii inaniuma sana, kwa sababu alichosikia sio uongo mtupu, ni nusu ya habari.

Nusu yenyewe ni hii: watafiti wakipima damu za watu wengi halafu wakawafuatilia miaka, wanakuta wenye vitamini D ndogo wanapata kiharusi zaidi, hasa kile cha mshipa wa ubongo kuziba. Imeonekana tena na tena. Na kuna sababu ya kuiamini, manake kwa panya wa maabara vitamini D inapunguza renini, kemikali ya figo inayosaidia kupandisha presha. Kwenye majibu yako, chini ya nanogramu 20 kwa mililita moja ya damu ndo wengi tunaita upungufu.

Lakini hebu jiulize, nani hasa ana vitamini D ndogo? Ni mzee ambaye ngozi yake haitengenezi tena kama zamani, ni mgonjwa anayeshinda ndani hapati jua, ni mtu mnene ambaye mafuta ya mwili yanaihifadhi vitamini D isizunguke vizuri kwenye damu, na unene huohuo unamletea presha na sukari. Sasa watu hawa hawa ndo kiharusi kinawawinda hata kama usingewapima vitamini yoyote. Wengine wanapimwa wakiwa tayari wamelazwa na kiharusi, hapo huwezi kujua kipi kilitangulia.

Ndo maana ikabidi watu wapewe vidonge kweli, wengine wapewe vya mfano visivyo na dawa, bila kujua nani kapata nini. Marekani walifanya hivyo kwenye utafiti unaoitwa VITAL, watu 25,871, yuniti 2,000 kila siku kwa miaka zaidi ya 5 hivi, majibu yakatoka 2018: kiharusi hakikupungua. Australia nao wakachukua wazee zaidi ya 21,000, yuniti 60,000 mara moja kwa mwezi mpaka miaka 5, kwenye kiharusi hakuna tofauti. Wengi wa hawa hawakuwa na upungufu mkubwa, hilo niliseme wazi, ila mpaka sasa sina ushahidi wa kumwambia mtu ameze vitamini D ili asipate kiharusi.

Haimaanishi uitupe. Mifupa inaihitaji, misuli inaihitaji, na ukikutwa na upungufu tumia dozi uliyoandikiwa. Usijiongezee tu kwa sababu ni vitamini, maana ikizidi sana kalsiamu inapanda kwenye damu, unaanza kutapika, kukojoa sana, figo zinaumia. Mtu mzima asipite yuniti 4,000 kwa siku bila daktari kujua.

Kinachoongoza kuleta kiharusi ni presha, na presha haiumi, mtu anatembea nayo miaka anajiona mzima kabisa. Kwa hiyo siku unayoenda kupima vitamini D omba wakupime na presha na sukari hapohapo, na kama ulishaandikiwa dawa za presha endelea nazo hata ukijisikia vizuri, zikikusumbua rudi kwa daktari akubadilishie, usiziache mwenyewe. Na ukiona mtu ghafla uso umevutwa upande mmoja, mkono umelegea au maneno hayaeleweki, mkimbize hospitali na ukumbuke saa ilipoanza, manake dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida tunaitoa ndani ya masaa 4 na nusu. Yule mama alifikishwa siku ya pili.