Kuchomeka si kupachika

"Linux haioni hata diski yangu." Nimelisikia tena juzi, kutoka kwa kijana aliyekuwa amechomeka diski ya nje kwenye seva. Tulipoangalia, diski ilikuwa imeonekana kitambo. Ila ilikuwa haijapachikwa, na hilo ni jambo jingine.

Kupachika, au kumaunti kama wasemavyo mafundi wengi, ni kuunga mafaili yaliyomo kwenye diski na folda fulani ya kompyuta, ili ukiifungua folda hiyo uyakute. Basi. Windows huipa kila diski herufi yake, D au E. Linux ina mti mmoja tu wa mafaili, unaoanzia kwenye mkwaju (alama ya /, si mti wa ukwaju), na kila diski lazima ishikizwe mahali kwenye mti huo.

Neno lenyewe lilianza likiwa kazi ya mikono. Mashine ya diski ya IBM 1311 ya mwaka 1962 ilikuwa na rundo la sahani za sumaku lenye uzito wa kilo nne na nusu hivi, likibeba herufi milioni mbili. Mhudumu alilinyanyua, akaliweka juu ya mashine, akalikaza. Huko ndiko kumaunti kwa asili, na mikanda ya sumaku ilishughulikiwa vivyo hivyo. Baadaye, katika mwongozo wa kwanza wa UNIX, mfumo wa kompyuta uliotangulia Linux, wa mwaka 1971, mount ikawa amri ya kuiambia mashine kwamba diski iliyowekwa sasa isomwe mahali fulani kwenye mti. Mkono ukabaki na yake, amri ikabaki na yake. (Amri ya kutoa huandikwa umount, bila n ya kwanza ambayo Kiingereza kingeidai, na kila mgeni huikosea.) Kiswahili kina bahati hapa: tunabandika na kubandua sufuria, tunafunika na kufunua chungu, kwa hiyo tupachike na kupachua diski.

Sasa tuje kwenye kinachoniudhi. Watu husema "Linux hupachika yenyewe". Keneli ya Linux, yaani kiini chake, haifanyi hivyo. Ukichomeka waya wa USB, keneli huitambua diski na kuipa jina, tuseme /dev/sdb, na sehemu yake ya kwanza /dev/sdb1. Programu ya udev hupokea habari hiyo, huisoma lebo (jina la diski) na aina ya mfumo wa mafaili, kisha huitangaza. Kazi ya keneli na udev inaishia hapo, na bado hakuna kilichopachikwa.

Anayeendelea ni eneokazi, yaani skrini yenye madirisha na alama za kubofya. Kwenye GNOME, KDE au Xfce kuna programu inayosikiliza matangazo hayo. Ikiwa imewekewa mpangilio wa kupachika papo hapo, huiomba huduma iitwayo udisks ifanye kazi hiyo. Udisks nayo humuuliza polkit, bawabu wa ruhusa, kama mtu aliyeketi mbele ya kioo anaruhusiwa. Ndiyo sababu hukuulizwa nywila. Kisha folda huundwa: kwenye Ubuntu ndani ya /media na jina lako la mtumiaji, kwenye Fedora ndani ya /run/media, nayo hupewa lebo ya diski. Seva ya yule kijana haikuwa na eneokazi, kwa hiyo hakukuwa na wa kuomba.

Hata penye eneokazi, ombi linaweza kukataliwa. Diski ya NTFS (mfumo wa mafaili wa Windows) iliyotoka kwenye Windows ambayo haikuzimwa kikamilifu mara nyingi hukataa kupachikwa, au hupachikwa kwa kusomwa tu. Hapo pia utasikia "haionekani".

Kuchomoa nako si kupachua. Unayonakili hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, na upau wa kunakili unaweza kujaa kabla diski haijamaliza kuandika. Ukiombwa usubiri baada ya kubofya alama ya kutoa, subiri.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla ya kuilaumu Linux, andika lsblk, amri ya kuorodhesha diski, kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri). Ukiiona sdb1 huku safu ya mwisho, inayoonyesha ilipopachikwa, ikiwa tupu, jaribu udisksctl mount -b /dev/sdb1. Ikikataa ukaja kuomba msaada, sema tu "imeonekana lakini haijapachikwa", nasi tutajua pa kuanzia.