Laana ya Nuhu haikumhusu mtu mweusi

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye magrupu: eti Waafrika ni weusi na walifanywa watumwa kwa sababu Nuhu alimlaani mwanawe Hamu. Si kweli, na huhitaji mtaalamu kuhakikisha. Fungua Mwanzo 9, mstari wa 25. Nuhu, ndiyo kwanza ameamka kutoka usingizi wa mvinyo, anamlaani Kanaani, mtoto wa Hamu. Hamu mwenyewe halaaniwi, na rangi ya ngozi haitajwi popote katika kisa hicho. Kisha soma 10:6. Kushi, ambaye ndiye huhusishwa na nchi zilizo kusini mwa Misri, ni ndugu yake Kanaani, laana haikumgusa.

Uvumi huu una historia. Katika karne ya 19 watetezi wa utumwa kule Marekani waliuhubiri ili biashara yao ionekane ni mpango wa Mungu. Sisi wengi tuliusikia kwa watu tunaowaheshimu, basi kitabu hakikufunguliwa.

Ukiupokea, tafadhali usiusambaze. Weka mistari hiyo miwili palepale kwenye grupu, bila kumfokea aliyeutuma. Huenda naye katumiwa na mjomba wake.