Kwa nini macho yaliyoingiwa na kemikali huoshwa kwa dakika 15 nzima?

Katika maabara ya kemia huwa kuna beseni dogo lenye matundu mawili ya kurusha maji juu, na pembeni bafu la dharura lenye mpini wa kuvuta. Kiwango cha Marekani kiitwacho ANSI Z358.1, kinachofuatwa pia katika nchi nyingine, kinataka vifaa hivyo viweze kutoa maji mfululizo kwa dakika 15. Mbona muda wote huo, ilhali mwasho unaweza kutulia mapema?

Chukua mfano wa kostiki soda. Ikigusa vidole utahisi utelezi kama wa sabuni, na kweli ni sabuni: alkali hiyo inayageuza mafuta ya ngozi yako mwenyewe. Jichoni huufanyia hivyohivyo utando wa seli, ambao nao una mafuta, ikajipenyeza kwenye konea, yaani ngozi angavu ya mbele ya jicho, hadi kwenye majimaji yaliyo nyuma yake. Asidi nyingi hugandisha protini, na gando hilo huzizuia kidogo zisizame. Ndiyo maana alkali huogopwa zaidi. Kwa hiyo maumivu yakipoa, kemikali inaweza kuwa bado imo ndani ikiendelea kula. Wala usijaribu kuizima alkali kwa asidi, kwani zikikutana hutoa joto, na jicho litaungua upya.

Wakati wa kuosha, kope hutaka kufumba zenyewe. Zishikilie wazi kwa vidole, uzungushe macho huku na huku, na lenzi za kuvaa zitolewe maji yakiendelea kutiririka. Ndiyo sababu koki ikishafunguliwa hubaki wazi yenyewe: mikono yote miwili ina kazi. Maji yanatakiwa yawe na nyuzijoto 16 hadi 38, kwa maana hakuna anayevumilia maji ya barafu kwa robo saa. Kwenye bafu, nguo zilizolowa kemikali zivuliwe mara moja, aibu isubiri.

Kifaa kiwe mahali pa kufikika ndani ya sekunde 10, pasipo boksi wala kiti njiani, maana anayekikimbilia huenda haoni. Tena kifunguliwe kila wiki. Maji yaliyolala ndani ya bomba hujaa kutu na vijidudu, akiwemo amiba aitwaye Acanthamoeba anayeshambulia konea, na hayo ndiyo yangemwagika kwanza kwenye jicho lililokwisha kuumia.